Somo: Kumvusha mzee wako kiangazi cha Lubumbashi

Somo hili ni la wote wanaolea wazee hapa Lubumbashi, iwe kwenye hospisi, yaani nyumba ya wazee, au nyumbani kwa watoto na wajukuu. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee. Kila mwaka ukikaribia mwezi wa sita, kiangazi kikileta baridi yake, naona mambo yaleyale yakirudi: kikohozi, visigino vilivyopasuka, presha iliyopanda, mzee aliyegoma kutoka kitandani. Baridi yenyewe tunaweza kuimudu. Kinachonitia hofu zaidi ni njia tunazotumia kuikimbia: makaa ndani ya chumba, maji tunayoacha kunywa, vidonge vya kununua bila kupimwa. Hizo nimeziandikia kwa urefu, mengine nitayapitia haraka.

Mji wetu uko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna, anga halina mawingu, na joto lote la mchana linapaa usiku. Ndiyo sababu mchana unavaa shati tu, lakini alfajiri ya mwezi wa sita au wa saba kipimo kinaweza kushuka chini ya digrii 10. Kijana anatetemeka kidogo, anapata joto, yamekwisha. Mzee ana nyama chache mwilini, damu yake inazunguka polepole, na mara nyingi hasikii kwamba amepoa. Usimngoje alalamike.

Hatua ya 1: Kitanda na chumba

Fanya hili kabla mwezi wa tano haujaisha. Godoro lililolazwa juu ya saruji linanyonya joto la mwili usiku kucha, kwa hiyo lipandishe kitandani, au kama kitanda hakuna, tandika kartoni na mkeka chini yake. Blanketi mbili nyepesi zinafaa kuliko moja nzito, maana hewa inayobaki katikati ndiyo inayotunza joto, na mzee dhaifu hawezi kugeuka chini ya blanketi zito. Kofia ya sufu na soksi avae hata akilala. Ziba pengo la chini ya mlango kwa nguo iliyokunjwa, lakini matundu ya juu ya ukuta yaache wazi. Weka tochi mahali mkono wake unapofika, kwa sababu umeme ukikatika saa nane za usiku, safari ya chooni gizani inaweza kumvunja nyonga.

Hatua ya 2: Mbabula (jiko la makaa) ibaki nje

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Makaa yanapowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Watu wengi wanaamini makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa sumu ile ile. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, mtu anasikia kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi. Aliyekwisha kulala anaweza asiamke tena. Bakuli la maji kando ya mbabula halizuii kitu.

Tumia mbabula uani. Chemsha maji, tia ndani ya chupa ngumu yenye kifuniko kinachokaza, izungushie kitambaa kinene, iweke kitandani nusu saa kabla mzee hajalala, kisha itoe. Itoe kweli, hasa kama ana kisukari: miguu yake inaweza kuungua bila yeye kusikia.

Ukimkuta mtu amelegea ndani ya chumba chenye makaa, fungua milango, mvute nje kwenye hewa, kisha hospitali mara moja, hata kama amezinduka. Anahitaji oksijeni.

Hatua ya 3: Jua

Mwezi wa sita jua letu linaegemea kaskazini. Kwa hiyo weka viti upande wa kaskazini wa nyumba, ukutani, toka saa tatu asubuhi. Mzee akae pale, anyooshe miguu, asimame na kukaa mara kumi akishika kiti, atembee mpaka getini na kurudi. Kulala kitandani mchana kutwa kunadhoofisha misuli na kufanya makohozi yatuame kifuani.

Vumbi ni adui wa kiangazi hiki pia, pamoja na moshi wa majani yanayochomwa kuelekea mwezi wa nane. Nyunyiza maji chini kabla ya kufagia, na wazee wenye pumu wasikae karibu wakati wa kufagia.

Hatua ya 4: Maji

Kiu inapungua na umri. Mwili unakauka, lakini ubongo hautoi habari. Ongeza hapo hewa kavu ya kiangazi na uvivu wa kunywa maji baridi, utapata mzee mwenye kinywa kikavu, choo kigumu, mkojo wa rangi iliyokolea na kichwa kinachozunguka akisimama.

Jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi, iandike jina lake, na jioni iwe tupu. Chai nyepesi, uji na maji ya moto yenye tangawizi vinahesabika. Munkoyo (kinywaji chetu cha mahindi na mizizi) mbichi, usiochacha sana, wazee wengi wanaupenda kuliko maji, basi mpe, ila mwenye kisukari apewe usiotiwa sukari. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa sababu ya moyo au figo, afuate kipimo cha daktari wake na si changu.

Usipime ukavu kwa kufinya ngozi ya mkono, kwa mzee ngozi imelegea tu. Tazama ulimi na rangi ya mkojo.

Hatua ya 5: Chakula

Bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) vinashibisha, lakini mwili wa mzee unadai protini kila siku: maharagwe, yai, ndakala (dagaa wakavu), karanga zilizopondwa ndani ya lengalenga (mchicha). Tatizo langu kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo ndani ihesabiwe ya mkate, ya kube za mchuzi na ya makayabu (samaki wa chumvi). Baridi peke yake inabana mishipa na kupandisha presha. Makayabu yalowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili au tatu, na hayo si chakula cha kila wiki kwa mwenye presha.

Hatua ya 6: Ngozi na miguu

Paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Vazelini inatosha. Kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni.

Hatua ya 7: Dawa

Baridi inaamsha magoti, na magoti yanampeleka mzee kwenye duka la dawa. Anapewa diklofenaki, indosidi au ibuprofeni, wakati mwingine zote pamoja na kidonge cha kotizoni. Maumivu yanakwisha, anasifu dawa. Lakini dawa hizi zinapandisha presha, zinaumiza figo na zinaweza kutoboa tumbo, zaidi sana kwa mzee anayekunywa maji kidogo na anayemeza dawa za presha. Kwa maumivu ya kawaida anza na parasetamoli ya miligramu 500: vidonge viwili, mara tatu kwa siku, usizidishe hapo. Mzee mwembamba wa chini ya kilo 50, au mwenye ugonjwa wa ini, apunguziwe na muuguzi au daktari. Kitambaa cha moto juu ya goti kinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Dawa ya presha haikatizwi kwa sababu kipimo cha leo ni kizuri. Ni kizuri kwa sababu anaimeza.

Hatua ya 8: Dakika moja kila asubuhi

Hili nalipenda kuliko yote, na halina gharama. Kaa kando ya mzee akiwa ametulia, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Andika kwenye daftari. Ukiijua kawaida yake, utaona mabadiliko mapema. Pumzi 30 au zaidi kwa dakika ni hatari, peleka hospitali. Zaidi ya 20 na anakohoa, apimwe siku hiyo.

Usitegemee homa. Homa ya mapafu kwa mzee inaweza kuja bila joto kali: anaacha kula, anaanguka, anachanganya majina ya wajukuu. Kama kawaida yake ni digrii 36, basi 37.5 inaweza kuwa homa tayari. Na kipimo kikiwa chini ya 35, mwili umepoa vibaya: mvue nguo zenye unyevu, mfunike mpaka kichwa uso ukiwa wazi, mpe kinywaji cha moto kama anameza vizuri, na umpeleke. Usimpe lutuku (pombe kali ya kienyeji). Pombe inafungua mishipa ya ngozi, anajisikia moto wakati joto la ndani linatoka.

Hatua ya 9: Joto na mvua

Mwezi wa kumi joto linapanda ghafla kabla ya mvua. Ondoa blanketi, ongeza maji, na muulize daktari kuhusu dawa za kukojoza. Mvua zikianza, chandarua kila usiku, na maji ya kunywa yachemshwe.

MASWALI YA WANAOLEA WAZEE

Mama mmoja wa Katuba: Nkambo, mzee wetu, anakataa kulala bila mbabula. Anasema amelala nayo toka utoto wake na hajafa.

Mama, mwambie kwa heshima kwamba nyumba ya utoto wake ilikuwa ya nyasi, hewa ilipita kila upande. Hii ya sasa ni ya matofali na bati, milango imebana. Mpe badala yake kitu kabla ya kumnyang'anya: aote moto uani mpaka saa mbili, akiingia akute kitanda kina chupa ya moto. Anayeitoa mbabula chumbani awe yule mtoto ambaye mzee anamsikiliza zaidi.

Tata (baba) wa Kampemba: Baba yangu hanywi maji, anaogopa kuamka usiku kukojoa.

Tata, maji mengi anywe kati ya asubuhi na saa kumi jioni, baada ya hapo kidogo tu. Weka ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda. Lakini kama mkojo unatoka kwa kusukuma au matone matone, apimwe tezi dume, hilo si la kuvumilia.

Dada anayefanya kazi hospisi: Mmoja wetu akishikwa na grippe (mafua makali), nyumba nzima inashikwa. Tufanyeje?

Mgonjwa alale peke yake, au vitanda viachane zaidi ya mita moja. Madirisha yafunguliwe mchana, jua likiwa kali. Kikombe chake kisitumike na mwingine, mnaomhudumia mvae barakoa na kunawa kwa sabuni. Wageni wenye mafua warudi wakipona, hata kama wametoka mbali, Kolwezi au Likasi. Ni vigumu kuwaambia, naelewa.

Ndugu wa Ruashi: Shangazi anakohoa wiki ya tatu sasa. Ni vumbi?

Inaweza kuwa vumbi, lakini kikohozi kilichopita wiki mbili kinadai kipimo cha kifua kikuu. Apeleke makohozi kituo cha afya kinachopima. Wakikuta ugonjwa, dawa za kifua kikuu hapa kwetu hutolewa bure.

Mama wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: Mama mkwe alikuwa mzima Jumapili. Jumanne ameamka hatujui sisi ni nani, anaongea na watu wasiokuwepo. Majirani wanasema ni uchawi, wengine wanasema ni uzee.

Mama, uzee hauji kwa siku mbili. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni ugonjwa mpaka daktari athibitishe vinginevyo: mapafu, mkojo, sukari iliyoshuka, malaria, kukauka maji, dawa mpya aliyoanza, au kiharusi. Mengi ya hayo yanatibika akiwahi. Tazama kama uso umepinda au mkono mmoja umelegea, na kama mnalala na makaa chumbani, mtoe nje sasa hivi. Usimwache mtu yeyote amtuhumu au amfungie. Mpeleke leo hii, na vidonge vyote anavyomeza, hata vya majani, vitie kwenye mfuko mmoja uende navyo.