Leseni ya Hifadhidata kwa Seva ya Majaribio

Anayetengeneza programu ya chama cha akiba na mikopo hapa Tanga huwa na hifadhidata mbili: moja inahudumia wanachama dirishani, nyingine ni ya kujaribia mabadiliko kabla hayajawafikia. Leseni ya hiyo ya pili haifuati jina uliloipa seva, yaani kompyuta inayoiendesha, bali kazi inayofanywa na seva hiyo, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza.

Kwanza, jua toleo lililosakinishwa. Kwenye SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, andika SELECT SERVERPROPERTY('Edition'). Ukijibiwa Developer Edition, hilo ni toleo ambalo Microsoft inalitoa bure tangu mwaka 2016; lina uwezo wote wa Enterprise, toleo kubwa la kulipia, lakini limeruhusiwa kwa kutengeneza na kujaribu tu. Toleo la Express nalo ni bure, tena hata kwa kazi halisi, ila hadi toleo la 2022 kila hifadhidata hukomea GB 10. Leseni ya PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata iliyo bure, haitofautishi majaribio na kazi halisi.

Kisha chunguza ni nani anayeiingia seva hiyo, na hatua hii ifanye kwa makini kuliko zote. Karani akiijaribu programu ili atoe maoni au athibitishe kuwa inafaa, hayo bado ni majaribio. Seva ikiunganishwa na hifadhidata ya kazi halisi, ikiwekwa kuwa akiba ya dharura, au ikiingizwa kazini siku za msongamano, Microsoft huihesabu kuwa ya kazi halisi hata kama ni kwa muda mfupi. Katika ofisi moja ya Ngamiani niliendesha SELECT host_name, program_name FROM sys.dm_exec_sessions, amri inayoorodhesha kompyuta na programu zilizounganishwa na seva, nikaiona kompyuta ya mhasibu humo ndani: kila jioni ripoti ya marejesho ya mikopo ilikuwa ikitolewa kwenye seva ya majaribio, kwa kuwa seva kuu ilikuwa imeelemewa. Mhasibu hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyetumia nenosiri moja kwa seva zote mbili, na tangu siku hiyo kila seva ninaipa lake.

Zingatia pia kwamba leseni ya majaribio haikupi ruhusa ya kunakili majina na namba za simu za wanachama. Hayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo weka data ya kubuni.

Ripoti kama ile ikiwa ni lazima itoke, ihamishie kwenye seva yenye leseni kamili, au kwenye Express endapo data yake inatoshea humo, kisha uufute muunganisho wa zamani siku hiyo hiyo.