Kabla ya kulaza bledi ya msumeno wa meza

Kona za nyuzi 45 zikikataa kukutana, wa kwanza kulaumiwa ni mshale wa skeli, ule unaoonyesha bledi imelala nyuzi ngapi, na hapo hapo bisibisi inatafutwa. Acha skrubu kwanza. Mara nyingi mashine haijapoteza vipimo, imeshiba vumbi tu.

Anza na stima. Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi na uiweke mahali unapoiona. Nairobi stima hupotea na kurudi bila hodi, na mashine kuukuu isiyo na swichi ya kujizima stima inapokatika itaanza kuzunguka yenyewe ikiwa swichi ilisahaulika imewashwa, vidole vyako vikiwa chini ya meza.

Kisha inama uangalie chini kwa tochi. Saiprasi nyingi hununuliwa kabla haijakauka sawasawa, na vumbi lake likichanganyika na utomvu huganda kwenye meno ya gia. Gurudumu la kulazia bledi huwa zito, na fundi asiyejua hulilazimisha. Baya zaidi ni vumbi linalojibana mbele ya skrubu za kikomo. Vikomo ni viwili: kimoja huizuia bledi ikiwa wima, kingine ikilala nyuzi 45. Tonge dogo la vumbi likikaa hapo, gurudumu hugota kama kawaida nawe unaamini umefika, kumbe bado. Ukikimbilia kurekebisha kikomo, siku tonge litakapobanduka bledi itapitiliza. Kwangua kwa kijiti, sugua kwa brashi ya waya, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, pakauke kabisa. Grisi hapana, inanasa vumbi upya. Nta kavu inatosha, hata ya mshumaa.

Ikiwa bado inakwama, hakikisha kitasa cha kufungia kimelegezwa. Unacheka, lakini angalia.

Guniya, kile kipimo cha pembe mraba, nayo ipimwe kabla ya kuaminiwa. Iegemeze kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, uchore tena palepale. Mistari ikiachana, guniya hiyo haifai. Unapopima bledi, iinue juu kabisa, na guniya iguse mwili wa bledi wala si jino, kwa sababu meno yametokeza nje kuliko mwili. Kaza kitasa, pima tena: kule kukaza kwenyewe kunaweza kuisogeza bledi.

Sasa skrubu zinaweza kuguswa. Mashine ya mtumba iliyotengenezewa Marekani huenda inataka alenki, zile funguo za pembe sita, za inchi. Ya inchi 3/16 ni kama milimita 4.76: ya milimita 5 haiingii, ya 4 inacheza ndani na kula kichwa cha skrubu.

Kuna tatizo moja linalosumbua hata waliozoea. Bledi ikiwa wima inapasua safi, ikilala inaunguza mbao na kuacha alama nyeusi. Pima umbali kati ya bledi na mfereji wa mezani, mbele na nyuma, ukitumia jino lile lile ulilotia alama. Fanya hivyo ikiwa wima, kisha ikiwa imelala. Vipimo vikilingana wima na kuachana ikilala, mhimili ambao bledi hulalia hauko sambamba na meza. Dawa yake ni kipande chembamba cha bati chini ya mshikio wa mhimili huo, wa mbele au wa nyuma, si kuzungusha skrubu za kikomo.

Kabla ya kurudisha plagi, zungusha bledi kwa mkono ikiwa imelala uone kama inagusa kibamba cha mezani kinachoizunguka au kinga. Fensi, ile reli ya kuegemezea mbao, ikae upande ambao bledi haielekei. Bledi ikiilalia fensi, kipande kinabanwa katikati na kinaweza kurushwa nyuma kwa nguvu.

Pasua vipande viwili vya mabaki, viunganishe, uweke guniya ndani ya kona. Kona ikiwa pana kuliko guniya, bledi haijalala vya kutosha. Ikiwa imebana, imelala kupita kiasi. Usidharau nusu nyuzi: fremu ya kona nne ina makato 8, na nusu hizo zikijumlishwa ni nyuzi 4 nzima. Kona ikishakaa, ndipo usogeze mshale wa skeli usome 45.