Kishikwambi kabatini kwanza: namna ya kufundisha mkondo wa umeme bila intaneti

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu kazi ile ilipokwisha. Mimi nafundisha fizikia sekondari ya kata huku Bahi, mkoani Dodoma, na mara nyingi navikuta vinatumika kujaza taarifa na kusoma matangazo ya WhatsApp, basi. Inaniuma, kwa sababu kifaa kile kile kinaweza kumwonyesha mtoto kitu ambacho ubao na chaki haviwezi: chaji, yaani chembe za umeme, zikitembea ndani ya waya. Nitaeleza mada moja tu, mkondo wa umeme, maana hapo ndipo nimeona tofauti kubwa kuliko pengine pote.

Ukienda Dodoma mjini kwa shughuli zako, tafuta mahali mtandao umetulia ufungue tovuti ya PhET, yenye majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kioo. Ni ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Majaribio yake ni ya bure. Tafuta linaloitwa Circuit Construction Kit: DC, la kuunga saketi (njia kamili ya kupitisha umeme), bonyeza alama ya mshale wa kupakua, utapata faili moja lisilohitaji bando tena. Pitia na orodha ya tafsiri, kwa kuwa baadhi ya majaribio yao yapo kwa Kiswahili. Ukipata la Kiswahili, chukua hilo pamoja na la Kiingereza: watoto wabishane kwa lugha wanayoimudu, kisha wakutane na maneno ya mtihani.

Kabla hujapanda gari la kurudi, zima data kabisa, funga kila kitu, halafu lifungue faili lile. Likileta ukurasa mweupe, lishikilie kwa kidole, chagua kulifungua kwa Chrome. Usiliruke hili. Kugundua kijijini kwamba faili halifunguki ni kipindi kizima kupotea.

Ukiwa huko huko mjini, pita kwa fundi redio. Taa za siku hizi za LED hazifai kwa kazi hii, kwa hiyo ulizia zile balbu ndogo za tochi za zamani, tatu au nne, na nyaya nyembamba. Betri za tochi utazipata duka lolote.

Siku ya kipindi, kishikwambi kikae kabatini kwanza. Chora ubaoni betri moja na balbu mbili zilizofuatana kwenye njia moja. Uliza: ipi itawaka zaidi? Kila mmoja aandike jibu na sababu yake kwenye daftari bila kuchungulia kwa jirani, ndipo wanyooshe mikono, nawe uandike idadi pembeni mwa ubao. Wengi watakwambia ya kwanza, kwa hoja kwamba inakula umeme na kuiachia ya pili mabaki. Usiwasahihishe. Hata uso wako usiwape jibu. Mtoto ambaye hajatoa kauli yake hutazama kioo kama anavyotazama muvi, na kipindi kikiisha hana la kulinganisha.

Sasa waunge saketi ya kweli. Hapa kuna mtego ambao vitabu havikutajii: balbu mbili za dukani ni nadra kufanana sawasawa, hivyo moja inaweza kung'aa zaidi, na ikitokea kuwa ile ya kwanza darasa litashangilia kwamba limeshinda. Waambie wazibadilishe nafasi. Ile iliyong'aa itaendelea kung'aa hata ikiwekwa ya pili. Waache wabishane hapo kidogo. Kelele ya namna hiyo naipenda, na mkuu wa shule akipita mweleze kinachoendelea.

Hapo ndipo kishikwambi kitoke. Waunge betri ya volti 9 na balbu mbili za omu 10 kila moja, balbu zote zikiwa zinafanana kabisa, kitu ambacho fundi redio hawezi kukupa. Waweke ammita, yaani kipima mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Itasoma ampea 0.45 kotekote, na vile vidoti vya chaji vitatembea kwa mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho. Halafu, kabla hawajagusa chochote, waulize: tukiongeza balbu ya tatu, namba itakuwaje? Waandike tena. Ammita itashuka hadi 0.3, na itasoma hivyo hivyo kila mahali. Nasisitiza hatua hii kwa sababu mtoto akiishia kwenye balbu mbili huondoka akidhani betri hutoa mkondo ule ule siku zote. Ya tatu ndiyo inayomfanya aone kuwa saketi nzima ndiyo inayoamua.

Rudini kwenye zile kura za ubaoni, na aliyebadili mawazo aseme kilichombadilisha. Jiandae na swali. Binti mmoja wa dawati la nyuma aliniuliza, "Madam, kama umeme hauliwi, mbona betri inakwisha?" Swali hilo lina thamani kuliko kipindi kizima, na jibu lake liwe wazi: chaji zinazozunguka hazipungui, kinachopungua ni nishati ya kikemikali iliyomo ndani ya betri, ambayo balbu huigeuza kuwa mwanga na joto. Mwambie aguse balbu iliyowaka kwa muda.

Kuhusu wingi wa wanafunzi: azima vishikwambi vya wenzako ofisini, vinne au vitano, uwape faili kwa Bluetooth siku moja kabla. Ukibaki na kimoja tu, vikundi vipishane, kimoja kwenye kioo, vingine kwenye nyaya na madaftari. Mimi nina sheria moja ambayo silegezi: aliyeshika kifaa haamui, anafanya anachoambiwa na kikundi, na kila balbu ikiongezwa mshikaji anabadilika. Bila hivyo wavulana wawili watakikumbatia mpaka kengele, na wasichana watakuwa waandishi wa majibu. Nimeliona hilo mara nyingi mno kuliacha lijitatue lenyewe.

Jua letu ni kali na madirisha ni makubwa. Geuza madawati watoto wautie mgongo ukuta usio na dirisha, au tundika kitenge. Kiangazi vumbi huingia kila tundu, kwa hiyo kihifadhi kwenye kasha lake na ukifute kwa kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri. Kijaze chaji usiku uliotangulia, na ukipunguza mwanga wa kioo kati ya kikundi na kikundi kitamaliza vipindi viwili bila shida.

Utatamani kuwapiga picha wakiwa kazini uzitupie kwenye magrupu. Piga saketi, piga madaftari yasiyo na majina. Sura za watoto na alama zao ziache. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, mzazi wa Bahi hajakupa ruhusa hiyo.

Kipindi kinachofuata, chora balbu mbili zilizounganishwa sambamba, kila moja na njia yake kutoka kwenye betri, uulize swali lile lile. Kura zianze upya, na kishikwambi kirudi kabatini mpaka zihesabiwe.