Pikipiki kubwa kwenye kona: sukuma, usikunje
Wakuu, ukitoka kwenye bodaboda ya cc 150 ukapanda pikipiki kubwa ya safari kama BMW R 1250 GS, unabeba karibu kilo 250, mara mbili ya uliyoizoea. Kwenye kona za Capri Point, Mwanza, haitageuka kwa kutikisa kiuno.

Punguza mwendo na gia kabla ya kona. Kisha, kona ikiwa ya kushoto, sukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani, taratibu. Najua inasikika kinyume. Tairi la mbele linaelekea kulia kidogo, na pikipiki inalala kushoto. Macho yaangalie unakoelekea, sio kwenye lile jiwe kubwa pembeni, maana utalifuata. Gesi iwe tulivu.

Kugeuza kwa mwendo wa kinyonga, mfano kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, ni habari nyingine: klachi nusu, breki ya nyuma iguse kidogo. Breki ya mbele ukiibana huku usukani umekatwa, mzigo wote unakuangukia mguuni.

Mvua ikishanyesha, mchanga wa milimani hutapakaa kwenye lami. Hapo usiilaze sana.