Jinsi ya kuisoma nyumba kubwa ya zamani ya shamba huko Uingereza

Ukifika kwenye haya majumba ya mabwanyenye mashambani Uingereza usisimame mbele ukapiga selfi ukaondoka, maana uso wa nyumba ndo unaodanganya zaidi. Karne ya 18 wengi walibandika ukuta mpya wa matofali mbele ya nyumba ya mbao ya mababu zao, ionekane ya kisasa. Zunguka nyuma, upande wa jikoni, huko hawakujisumbua kuficha kitu.

Anza na matofali. Kuanzia 1784 mpaka 1850 kulikuwa na kodi ya matofali, na ilihesabiwa kwa idadi, sasa watu si wajanja, wakafyatua makubwa ili yatumike machache. Ukiona ukuta mmoja una membamba huku na manene kule, hapo waliojenga ni watu wa nyakati mbili. Madirisha yaliyozibwa je? Kila mtu atakwambia ni kodi ya madirisha (1696 hadi 1851), kweli ipo, lakini mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu siku ya kwanza ili pande mbili zilingane tu.

Ukiruhusiwa, panda darini. Mbao zenye matobo yasiyoshika kitu huenda zilitolewa kwenye jengo lingine, kwa hiyo hata wataalamu wakihesabu pete za mti (zile duara za ukuaji wake ndani ya mbao) wakakupa mwaka mti ulipokatwa, huo si lazima uwe mwaka wa nyumba.

Ila utamu wenyewe upo nje. Nenda wakati wa ukame, nyasi zilizo juu ya msingi au njia ya zamani hukauka kwanza kwa sababu udongo wa juu yake hauna kina, ndo maana kiangazi cha 2018 pale kwenye jumba la Chatsworth bustani ya 1699 ilijichora yenyewe kwenye nyasi. Na ukikuta kanisa limesimama peke yake bila kijiji jiulize watu walienda wapi. Milton Abbas, kule Dorset, bwanyenye Lord Milton alivunja mji mzima kisa unamharibia mandhari, akawajengea watu kijiji kipya pembeni asikokuona.

Ramani mi huziacha mwisho, macho yakishachoka. Tafuta zile za zaka (sehemu ya kumi ya mazao iliyotolewa kwa kanisa) zilizochorwa baada ya sheria ya 1836, zinakuja na orodha ya majina ya mashamba, ukikuta moja linaitwa Brick Kiln Field, yaani shamba la tanuru la matofali, basi yawezekana yale matofali membamba yalichomwa palepale.