Kipimo cha spiriti cha kubeba mkononi

Mimi huchanganya vitakasa mikono vya zahanati, fomula ya WHO yenye ethanoli asilimia 80. Anayeniuliza anunue kipimo gani cha kujua nguvu ya spiriti hiyo, namwambia achukue cha kioo kinachoelea, kilichosawazishwa kwa nyuzi 20, pamoja na kipimajoto. Joto la Tanga si mchezo: kwenye nyuzi 30 kitasoma karibu asilimia 3 zaidi, kwa hiyo dai jedwali la kusahihisha. Pima kabla ya kutia gliserini.

Kile cha kuchungulia jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone la spiriti (refraktometa) kiache. Karibu na asilimia 80 hakitofautishi vizuri. Cha kidijitali kinachopima densiti na kujirekebishia joto ni kizuri, mfuko ukiruhusu.

Methanoli, ile pombe yenye sumu? Hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachokuonya. Nunua spiriti yenye cheti.