Osha rejeta ya jenereta kinyume na upepo wake

Mafundi wenzangu, hasa wa Entebbe ambako wadudu wa ziwani huja kama wingu: kabla ya kuosha rejeta (kipoza-maji cha injini), funga uzi kwenye fimbo, washa injini, ushike uzi upande wa nje, mbali na feni, uone upepo unaelekea wapi. Zima, iache ipoe kabisa, chomoa waya wa betri, kisha piga maji kinyume na upepo huo. Feni za jenereta nyingi husukuma hewa kutoka kwenye injini kwenda nje, kwa hiyo uchafu hujibana upande wa ndani usikoonekana. Maji yakifuata upepo, yanaushindilia zaidi. Ya kwetu ilikuwa inang'aa kwa nje, lakini nilipomulika tochi usiku mwanga haukupenya hata kidogo, ilikuwa mabawa ya wadudu na vumbi jekundu vilivyogandishwa na oili kama ugali mkavu. Penye oili kama hiyo maji matupu hayafui dafu. Paka sabuni kwanza, subiri dakika 10. Tumia bomba la kawaida, maana presha kubwa hulaza mapezi (vibati vyembamba vya rejeta), na funika altaneta (sehemu inayofua umeme) na filta ya hewa kwa nailoni, kwani maji yanaelekea huko. Ikiwa tochi inapenya vizuri na injini bado inachemka, acha kuosha: angalia mkanda wa feni, thamostati (vali inayofungulia maji ya injini yakipata moto), au kutu ndani ya mirija. Na kifuniko cha rejeta ya moto, tafadhali, usikiguse.